Usinunue wino mpya kabla ya kuosha kichwa cha printa

MSIMU wa mauzo unapokaribia, wasindikaji wadogo wengi hupitia mkasa uleule. Asali imechujwa, chupa zimeoshwa, kinachosubiriwa ni lebo tu. Printa iliyokaa kimya tangu msimu uliopita inafutwa vumbi na kuwashwa. Karatasi ya kwanza inatoka na michirizi myeupe. Ya pili inatoka bila rangi ya njano. Ya tatu haina maandishi meusi kabisa, na mahali palipotakiwa kusomeka tarehe ya mwisho wa matumizi pana kivuli tu.

Hapo uamuzi hufanyika kwa haraka. Mmoja anasema wino umekwisha, inunuliwe katriji nyingine. Mwingine anasema printa imekufa, inunuliwe mpya. Fedha inayotoka hapo ni ile iliyokuwa ya vifungashio, au nauli ya kufikisha mzigo sokoni.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mara nyingi wino haujakwisha wala printa haijafa. Kilichotokea ni matundu ya kichwa cha kuchapia kuziba kwa wino uliokauka, na dawa ya kwanza ni maji safi, tishu na subira. Dawa ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni kukubali kwamba biashara ya msimu na mashine inayokauka haziendani, na kuipangia mashine hiyo kazi kama tunavyopangia shamba.

Kwa nini kichwa huziba

Printa ya wino hurusha matone madogo mno kupitia matundu yaliyopangwa kwenye kichwa chake. Upana wa tundu moja ni mdogo kuliko unywele wa binadamu. Katika printa za HP na Canon, kifaa kidogo ndani ya kichwa hupasha wino moto kwa kufumba na kufumbua, povu linatokea na kulisukuma tone nje. Canon wanaeleza kuwa wazo hilo lilipatikana mwaka 1977, pale chuma cha kulehemu chenye moto kilipogusa sindano yenye wino na wino ukaruka. HP nao walitoa printa yao ya kwanza ya aina hiyo, ThinkJet, mwaka 1984. Epson walichagua njia nyingine: kichwa chao hakipashi wino moto, bali kina vipande vidogo vinavyojikunja umeme unapopita na kuusukuma wino.

Kwa njia zote mbili, sehemu kubwa ya wino wa printa hizi za nyumbani na ofisini ni maji. Maji yakikauka hubaki rangi, na tundu linaziba. Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa ndani ya maji, na kuna wino wenye chembechembe laini za rangi zinazoelea. Huu wa pili hustahimili maji zaidi ukiwa juu ya karatasi, lakini ukikauka ndani ya tundu ni mgumu zaidi kuutoa. Printa nyingi hutumia wino wa chembechembe kwa rangi nyeusi na wa kuyeyuka kwa rangi nyingine, ndiyo maana nyeusi inaweza kukataa wakati nyingine zinatoka.

Mkulima anaielewa hali hii bila kwenda darasani. Bomba la kunyunyizia dawa likiwekwa stoo bila kuoshwa, msimu ujao nozeli yake haitoi ukungu mzuri. Mwenye busara huiloweka na kuisugua kwa brashi laini. Asiye na subira huitoboa kwa waya, tundu linapanuka, na kuanzia siku hiyo dawa inatoka nyingi upande mmoja na kidogo upande mwingine. Kichwa cha printa ni nozeli pia, ila ni ndogo zaidi na zimekusanywa kwa mamia. Waya, sindano na kisu vikae mbali.

Lipo jambo jingine linalotuhusu sana sisi wa maeneo ambayo umeme hukatika. Printa ikizimwa kwa kitufe chake, kichwa hurudi pembeni na kukaa juu ya kifuniko cha mpira kinachozuia hewa isiukaushe wino. Ikizimwa kwenye soketi, au umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi pale kilipokuwa. Wiki chache za hali hiyo katika mji wenye joto na vumbi zinatosha kukausha wino. Kwa hiyo umeme ukirudi, iwashe printa, iache irudishe kichwa mahali pake, kisha uizime kwa kitufe. Ni kazi ya dakika moja na haina gharama.

Pima kwanza, osha baadaye

Kabla ya kushika maji, hakikisha tatizo ni kuziba. Je, wino upo? Je, katriji mpya imetolewa plastiki yake ya kuzibia? Printa karibu zote zina karatasi ya majaribio inayochapa mistari ya kila rangi, na maelezo yake yamo kwenye kijitabu kilichokuja na mashine. Chapa karatasi hiyo na uihifadhi. Mistari iliyokatika inaonyesha rangi iliyoziba na kwa kiasi gani, na bila karatasi hiyo hutajua kama kuosha kumesaidia.

Baada ya hapo itumie njia ya printa yenyewe ya kusafisha kichwa, inayopatikana kwenye vitufe vyake au kwenye kompyuta. Ifanye mara moja, chapa karatasi ya majaribio, linganisha. Rudia mara ya pili, na ikibidi ya tatu. Ukiona mistari inaongezeka, unaelekea kuzuri. Usipoona mabadiliko, zima printa na uiache usiku mzima, kisha ujaribu tena mara moja. Mapumziko hayo huupa wino mbichi nafasi ya kulainisha ule uliokauka.

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Wanabonyeza mara kumi mfululizo wakidhani wanaosha bure. Usafishaji huo hufanywa kwa pampu inayovuta wino kupitia matundu na kuumwaga kwenye sponji iliyo ndani ya printa. Wino unaomwagwa ni uleule ulioulipia, na unavutwa hata kwa rangi ambazo hazikuwa na tatizo. Sponji nayo ikihesabiwa kuwa imejaa, printa hukataa kufanya kazi hadi ibadilishwe. Baadhi ya printa za matangi zina usafishaji wa nguvu unaotumia wino mwingi kiasi kwamba Epson huelekeza kila tangi liwe na angalau theluthi moja ya wino kabla ya kuuanza. Huo uwe wa mwisho, usiwe wa kwanza.

Kuosha kwa mkono

Kama njia hiyo imeshindikana, jua kwanza kichwa cha printa yako kiko wapi, kwa sababu hilo ndilo linaloamua kila kitu.

Katika printa nyingi ndogo za HP na Canon zinazotumia katriji mbili, moja nyeusi na moja ya rangi, kichwa kiko kwenye katriji yenyewe. Itoe na uitazame chini: kile kibati chembamba chenye vistari ndicho kichwa, na ile sehemu ya rangi ya shaba yenye vidoti ni ya umeme, usiiguse kwa vidole wala kuilowesha. Kunja tishu au kitambaa kisichotoa nyuzi, kiloweshe kwa maji ya uvuguvugu, kisha weka katriji juu yake, kibati kikitazama chini, kwa dakika tatu hadi tano. Ikandamize taratibu bila kuisugua kwa nguvu. Ukiona alama ya wino kwenye tishu, na kwa katriji ya rangi ukiona rangi zote tatu, matundu yamefunguka. Futa maji, acha sehemu ya shaba ikauke kabisa, rudisha katriji, na ufanye usafishaji mmoja wa printa.

Printa nyingi za matangi za Epson zina kichwa kilichofungwa ndani ambacho mtumiaji hatarajiwi kukitoa. Hapa kazi inahitaji utulivu zaidi. Anza kuchapa, na kichwa kikishatoka pembeni chomoa waya wa umeme. Hii ndiyo nafasi pekee ninayoiruhusu. Kichwa kitasogezeka kwa mkono. Pale kinapolala utaona kifuniko cha mpira chenye sponji ndogo na, jirani yake, kiulimi cha kufutia. Visafishe kwa kijiti cha pamba chenye maji, maana mara nyingi adui ni kifuniko chenye uchafu kisichoziba vizuri. Kisha kunja tishu nyembamba, iloweshe bila kuifanya idondoshe maji, iweke kwenye njia ya kichwa na usogeze kichwa taratibu kikae juu yake. Iache kwa muda wa saa mbili hadi tatu. Itoe tishu, hakikisha hakuna kipande kilichobaki, rudisha umeme, na ufanye usafishaji mmoja.

Maji yenyewe yasiwe ya kisima wala ya bomba. Maji yenye chumvi na chokaa yakikauka huacha mabaki yaleyale unayopigana nayo. Yanayofaa ni maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongezea kwenye betri za magari. Lakini soma chupa vizuri, kwa kuwa vituo hivyohivyo huuza pia asidi ya betri, na hiyo itaunguza kichwa cha printa na mikono yako. Petroli, mafuta ya taa, tina na dawa ya kutolea rangi ya kucha visikaribie kabisa, kwa sababu huyeyusha gundi na plastiki.

Kuna mafundi wanaosukuma maji kwa bomba la sindano lililounganishwa na mpira mwembamba. Kwa fundi anayeijua kazi ni njia nzuri. Kwa anayejifunza ni hatari, kwani msukumo ukizidi hupasua kichwa kwa ndani, au maji huingia kwenye sehemu za umeme. Kama umefika hapo, mpe fundi, lakini kwanza muulize kichwa kipya kinauzwaje.

Hesabu isiyodanganya

Wapo watakaosema muda wa mjasiriamali ni mali, na kwamba printa siku hizi ni rahisi kuliko usumbufu huu. Wana hoja. Zipo printa ambazo bei yake haizidi sana bei ya katriji zake mbili. Lakini urahisi huo ni wa siku ya kununua tu. Mtengenezaji anajua kuwa faida yake itakuja taratibu kupitia wino, na kila mara unapotupa katriji yenye wino ndani yake unamlipa kwa bidhaa ambayo hukuitumia.

Tuchukue mfano, na msomaji aweke namba zake mwenyewe. Tuseme kikundi kinachapa lebo miezi minne na kukaa miezi minane bila kazi. Tuseme katriji zake mbili zinagharimu jumla ya Sh90,000 na kila msimu zinakutwa zimekauka. Hiyo ni Sh90,000 ya uzembe kwa mwaka, kabla ya lebo ya kwanza kutoka. Sasa tuseme katibu wa kikundi anachapa karatasi moja ya majaribio kila wiki katika miezi hiyo minane. Ni karatasi 35 hivi. Hata tukikadiria kila moja kwa Sh300, wino na karatasi pamoja, jumla ni Sh10,500. Tofauti ya Sh79,500 inaweza kununua chupa, vizibo na maboksi.

Ndiyo maana nasema dawa ya maana kuliko kuosha ni kutoiacha mashine ilale. Karatasi moja kila wiki, yenye rangi zote, siku inayojulikana. Iandikwe kwenye kalenda ya kikundi kama unavyoandikwa mkutano wa kuweka akiba, na apewe mtu mmoja mwenye jina. Kazi isiyo na mwenyewe haifanyiki.

Kanuni ya pili ni ya kujua wakati wa kuacha. Kwa katriji yenye kichwa chake, usitumie zaidi ya jioni moja. Ikishindikana, katriji mpya inakuja na kichwa kipya na mashine inapona. Kwa kichwa kilichofungwa ndani, linganisha mambo mawili: bei ya kichwa kipya pamoja na ufundi, na bei ya printa nyingine. Ya kwanza ikizidi nusu ya pili, na mashine ikiwa imeshafanya kazi miaka kadhaa, mimi singeitengeneza. Fahamu pia kuwa si kila kichwa kinachokataa kimeziba. Vile vinavyopasha moto huungua vikilazimishwa kuchapa bila wino, na kilichoungua hakiponi kwa maji. Kwa hiyo rangi ikianza kufifia katikati ya kazi, simama hapohapo.

Chagua mashine kwa kalenda yako

Swali la maana huulizwa dukani, kabla ya kulipa: nitachapa mara ngapi, na miezi gani? Mwenye duka la steshenari karibu na shule, anayechapa kila siku, atafaidika na printa ya matangi. Printa hizi, ambazo Epson walianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, hujazwa wino wa chupa, na gharama ya ukurasa mmoja ni ndogo sana kuliko ya katriji. Kwake kichwa hakipati nafasi ya kukauka.

Chama cha msingi cha wakulima wa korosho au kahawa kina hali nyingine. Stakabadhi, orodha za malipo na barua huchapwa kwa wingi wakati wa ununuzi, kisha ofisi inapoa. Kazi karibu yote ni maandishi meusi. Chama kama hicho kinafaa kununua printa ya leza ya rangi nyeusi. Bei yake ya kuanzia ni kubwa zaidi, lakini hutumia tona, ambayo ni unga mkavu. Unga haukauki mara ya pili. Unaweza kuifunga ofisi miezi sita na kuikuta mashine iko tayari. Na maandishi yake hayachuruziki yakilowa.

Msindikaji wa asali, siagi ya karanga au viungo yuko katikati. Anahitaji rangi, lakini kwa vipindi. Kwake naona njia mbili. Ya kwanza ni kubaki na printa ya wino na kuitunza kila wiki kama nilivyoeleza. Ya pili ni kupeleka lebo zenye picha na rangi kwa mchapaji wa mjini kwa wingi mara moja kwa mwaka, zikiwa na nafasi tupu ya tarehe na namba ya toleo, kisha kujaza nafasi hiyo nyumbani kwa mhuri au printa ya leza. Atakayechagua ya pili huenda asihitaji printa ya wino kabisa.

Tusilichukulie suala la lebo kirahisi. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu Julai 2019 linasimamia pia usalama wa chakula, halitaridhika na tarehe isiyosomeka, wala mwenye duka kubwa hataipokea chupa yenye lebo iliyofifia. Mnunuzi aliyesimama mbele ya rafu haonji asali, anaona lebo. Tundu dogo kuliko unywele likiziba, mavuno ya msimu mzima yanaweza kurudishwa mlangoni.

Wauzaji nao wawajibike

Lawama zote haziwezi kuwa za mnunuzi. Maduka yetu huuza printa kwa bei na rangi ya boksi. Ni nadra muuzaji kumweleza mkulima kama kichwa kiko kwenye katriji au ndani ya mashine, kama vipuri vinapatikana nchini, na ukurasa mmoja utamgharimu kiasi gani. Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye katriji hupimwa kwa kurasa zenye wino mchache. Lebo iliyojaa rangi itaimaliza katriji mapema zaidi. Mambo haya matatu yangeandikwa kwa Kiswahili kwenye karatasi moja na kubandikwa juu ya boksi, hasara nyingi zingeepukwa. Tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani yenye jukumu la kumlinda mlaji. Kumtaka mwagizaji aseme ukweli wa gharama si kumwonea.

Wala mjasiriamali asitishwe na maneno kwamba kujaza wino kwenye katriji aliyoinunua ni wizi. Marekani, mwaka 2017, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Impression Products na Lexmark kwamba mtengenezaji akishauza katriji, hawezi tena kutumia hataza kumzuia mnunuzi kuijaza au kuiuza. Uamuzi huo hauifungi mahakama yoyote ya kwetu, lakini mantiki yake ni ya kawaida kabisa: ukinunua jembe, ni juu yako kulitia mpini mwingine. Angalizo langu ni moja tu. Wino wa kujazia uwe wa aina inayolingana na printa yako na utoke kwa muuzaji unayeweza kumrudia, kwa sababu wino mbovu nao huziba kichwa.

Wiki hii, kabla ya kupiga simu kuulizia bei ya katriji, washa printa yako na uchape karatasi ya majaribio. Kama mistari yote imetoka, ipange karatasi nyingine wiki ijayo. Kama imekatika, una maji, una tishu, na bado msimu haujafika.